SSD kwenye seva: ununue kadi ya RAID au uiachie Linux?

Mafundi wenzangu hapa Unguja siku hizi wananiuliza sana hili: ofisi inanunua seva yenye SSD, yaani diski za chipu zisizozunguka, je, tuongeze na kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, au Linux ifanye kazi hiyo yenyewe? Kwa SSD mbili hadi nne, mimi hela ya kadi naipeleka kwenye diski bora. Jibu ni fupi, sababu ndizo ndefu.

RAID ilielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kadi zake zilipata heshima enzi za diski za kuzunguka. Diski hizo, hata zilizo nzuri, hufanya kazi ndogondogo za hapa na pale kiasi cha 100 hadi 200 tu kwa sekunde. Kadi yenye kumbukumbu yake na betri ilikuwa ikipokea data, ikijibu papo hapo kwamba imeshaandikwa, kisha ikiimimina diskini taratibu. Seva ikaonekana inaruka.

SSD imeugeuza mchezo. Ya SATA, yenye kiunganishi cha zamani cha diski, hufanya makumi ya maelfu ya kazi hizo kwa sekunde, ya NVMe, inayopita njia za kasi za PCIe za ubao mama, hufika laki kadhaa. SATA huishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde. NVMe ya PCIe 3.0 hukaribia gigabaiti 3.5. Ukizipanga nne nyuma ya kadi yenye njia nane za PCIe 3.0, ambayo yote haifiki gigabaiti 8, umewapitisha abiria wa boti nzima mlango mmoja pale Malindi. Hata baadhi ya watengenezaji wa kadi hushauri uzime ile kumbukumbu unapotumia SSD. Sasa kama ulichokinunulia umekizima, umebaki na nini?

Kuna hofu kwamba prosesa italemewa. Kwa RAID 1 na 10, ambazo huweka data ileile kwenye diski mbili, hakuna hesabu ya maana, ni kunakili tu. Kwa RAID 5 na 6, zinazokokotoa data ya ziada ya kurudishia diski iliyokufa, hesabu ipo, lakini fungua dmesg, yaani taarifa za Linux inapowaka, uone mistari inayoanza na raid6: Linux hupima kasi yake yenyewe inapowaka, na kwenye prosesa za leo utakuta maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Tatizo la RAID 5 ya Linux liko kwingine, kwa kawaida uandishi wote hupita kwenye uzi mmoja wa kazi. Pandisha group_thread_cnt, mpangilio wa idadi ya nyuzi hizo. Au iache kabisa RAID 5 kama seva ni ya hifadhidata, maana kila uandishi mdogo unazaa kusoma mara mbili na kuandika mara mbili.

Kadi bado inashinda mahali pamoja, nako ni kwenye SSD za rahisi. Programu ya uhasibu inayosubiri kila muamala uthibitishwe huifanya SSD ya kawaida ijikokote, kwa sababu haina kapasita za kuilinda data umeme ukikatika. Kadi yenye betri huuficha udhaifu huo. Kwa hiyo usipime kwa kunakili filamu. Tumia fio, programu ya kupima kasi ya diski, kwa bs=4k, rw=randwrite, fsync=1, na uielekeze kwenye faili, si kwenye diski yenyewe, la sivyo data yote itafutika. SSD ya seva yenye kapasita haihitaji tena msaada huo.

Halafu kuna hali yetu ya visiwani: joto, chumvi, umeme. Hoteli moja ya upande wa mashariki walilalamika kompyuta za mapokezi zimekuwa nzito. Nilipofungua seva nikakuta pakiti ya betri ya kadi imevimba hadi plastiki imejibinua. Kadi ilikuwa imeshahamia kimya kimya kuandika moja kwa moja diskini. Betri ikaagizwa Dubai, wageni wakaendelea kusubiri funguo. Na kadi yenyewe ikifa, mara nyingi utahitaji nyingine ya ukoo uleule. Diski za mdadm, programu ya RAID ya Linux, unazichomoa, unazitia kwenye mashine yoyote ya Linux, unaandika mdadm --assemble --scan, kazi inaendelea. Kwa aliyeko Wete hiyo si faida ndogo.

Kadi nyingi pia haziipitishi amri ya TRIM, inayoiambia SSD sehemu zipi hazina data tena. Linux huipitisha kwa RAID 1 na 10 tangu toleo la 3.7. Ukitumia ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha seva kadhaa ndani ya mashine moja, haya, nunua kadi, maana haina RAID yake ya programu.

SSD mbili za RAID 1, ambazo kila moja ni nakala ya mwenzake, zisitoke boksi moja, zinaandikwa sawa na zinaweza kuchakaa pamoja. Nakala ya akiba bado ni lazima, RAID haikuondolei kazi hiyo. Na kabla hujakabidhi seva, ikiwa ina nafasi za kuchomoa diski bila kuzima, chomoa moja mbele ya mwenye ofisi programu ikiwa inaendelea, irudishe kwa mdadm --add, mfungulie /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID, aone asilimia zinavyopanda.