Jeki ya pikipiki nyumbani: usitazame tani, tazama bamba la juu

Msomaji mmoja wa Kahama, dereva wa bodaboda, ameniuliza anunue jeki gani ya kutengenezea pikipiki nyumbani. Dukani wamemshauri achukue jeki ya chupa (ile fupi ya mafuta, yenye umbo la chupa) ya tani mbili, eti ndiyo yenye nguvu. Swali limenikuta nina furaha, maana Jumamosi iliyopita nimebadilisha sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) za shokapu za mbele hapa hapa barazani, kwa mikono yangu. Tairi la mbele lilikuwa nje tangu asubuhi mpaka alasiri na pikipiki haikutikisika. Najivunia kazi hiyo.

Zamani kila kitu nilipeleka gereji, hata kukaza cheni. Siku niliyokwenda kubadilisha beringi za tairi la mbele, fundi aliisimamisha kwa stendi kubwa, akasukumia matofali chini ya injini, akafungua tairi, kisha akaondoka kwenda kutafuta beringi. Kijana wake akaja kupitisha pikipiki nyingine, akaigusa yangu kwenye hendeli. Tofali likapasuka. Pikipiki ikalala ubavu wa kushoto mbele ya macho yangu: mkono wa klachi ukakatika, indiketa ikavunjika, tangi likabonyea. Mwenye gereji akasema stendi yangu ndiyo mbovu. Hakunilipa chochote, na hela ya beringi akaichukua yote. Tangi sijalinyoosha mpaka leo. Kila nikiiosha pikipiki mkono unapita pale palipobonyea, na roho inauma upya.

Ndiyo maana nikatafuta jeki yangu. Ndugu yangu wa Kahama, hizi pikipiki zetu za 125 na 150 nyingi zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Hakuna jeki dukani itakayoshindwa kuzinyanyua, kwa hiyo habari ya tani mbili haikusaidii. Jeki ya chupa imetengenezwa kwa ajili ya gari. Gari ukiliinua pembe moja, tairi nyingine tatu bado ziko chini zinalishikilia. Pikipiki ukiiweka juu ya kile kichwa chembamba, inakaa juu ya kitu kisichozidi upana wa kiganja, na ukivuta spana kwa nguvu inayumba.

Mimi nilichukua jeki ya mkasi, ile ya kuzungusha parafujo, yenye bamba pana juu lililovikwa mpira. Ni ya taratibu, mkono unachoka, lakini haina mafuta ya kuvuja, na ukiiacha imenyanyuka haishuki yenyewe. Zile za pedali, zinazonyanyua kwa mafuta, zenye magurudumu na mikono miwili, ni nzuri kwa pikipiki nzito, ila hakikisha ina chuma cha kufungia ikishapanda, kwa sababu sili zikichoka inashuka polepole bila wewe kujua. Na usiiongezee mafuta ya breki: yanaharibu mipira ya ndani. Inataka mafuta yake ya jeki.

Kabla ya kutoa hela, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, pima kwa rula nafasi iliyopo chini ya injini. Jeki ikiwa imeshushwa kabisa lazima ipite hapo. Wengi wananunua kisha inagoma kuingia.

Kwenye kazi yenyewe, legeza nati ya ekseli tairi likiwa bado chini. Hili nalisisitiza, maana nguvu kubwa ya mkono inatumika hapo, na hutaki kuitumia pikipiki ikiwa juu. Kisha ingiza jeki. Bamba lisikae kwenye bomba la moshi wala kwenye nati ya kumwagia oili, likae chini ya fremu. Kama fremu yako haipiti chini ya injini, weka kipande cha mbao pana ili uzito ugawanyike kwenye sehemu nene ya chini ya injini. Zungusha mpaka bamba au mbao ibane, simama, tikisa pikipiki kwa mikono miwili. Ikicheza, shusha, panga upya. Ikitulia, endelea mpaka tairi lizunguke huru kwa kidole, basi, usipandishe zaidi. Mwisho sukuma kigogo chini ya fremu. Jeki kazi yake ni kunyanyua, kigogo ndicho cha kushika.

Kama uwanja ni wa udongo au mchanga, tandika ubao mpana chini ya jeki. Na watoto wakae mbali.

Vijana wenzangu, chombo hiki ndicho kinacholipa kodi ya nyumba na ada za shule. Kwa nini ukikabidhi kwa mtu asiyejali, ukae kwenye benchi unatazama? Beringi, tairi, breki shuu, sili, hizo ni kazi za nyumbani kabisa. Jifunzeni. Atakayekulipa ikianguka hayupo, nimeyaona.

Nikimaliza naishusha jeki mpaka chini, nafuta vumbi, napaka grisi kwenye parafujo, naifungia ndani. Jirani akiihitaji namkaribisha alete pikipiki yake hapa barazani, tutaifungua pamoja. Jeki yenyewe haitoki getini.