Jibu: Chuo kiuze viwanja vyake au kipangishe?

Mkuu, umeuliza kwa nini chuo chenye eneo kubwa hapa Mwanza kisiuze viwanja vya pembeni kikajenga hosteli. Kwangu huko ni kula mbegu. Ardhi yote Tanzania ni ya umma. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwenye hati haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, na ndani ya muda huo chuo kinaweza kumpangisha mwekezaji sehemu yake. Yeye anajenga fremu za maduka au hosteli, anakusanya kodi na kukilipa chuo mgawo. Muda ukiisha, majengo yanabaki kwa chuo. Ila someni mkataba jamani! Nani anakarabati paa? Kodi inapitiwa upya kila baada ya miaka mingapi? Msipoyaandika hayo mtarudishiwa magofu.

Ukishuka Malimbe kuelekea ziwani, ufukwe usiuhesabu kama kiwanja: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Nyumba za wahadhiri ziwekewe hesabu zake, mbali na za fremu. Zikichanganywa, ukarabati wa nyumba ndio huahirishwa kila mwaka, na familia zinalala zikivujiwa.