Huku wananijua kama mtu mkimya

Mleta uzi, umesema una miezi kumi Ujerumani, cheti cha Kijerumani cha B1 unacho, lakini ukifika kazini ulimi unakuwa mzito na usiku unalia, ukauliza kama una kasoro. Huna. Mimi naenda mwaka wa sita, na hapo ulipo nilikaa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Hicho cheti kwanza. B1 ni ngazi ya tatu kati ya sita, na mtihani wake unakusikilizisha watu wanaotamka vizuri na kwa utulivu. Wenzako wa kazini wanameza silabi na wanaongea watatu kwa mpigo. Usijipime nacho.

Mimi sarufi haikuniliza. Kilichoniliza ni utani. Nyumbani ndiye nilikuwa mchekeshaji, nikifika kijiweni watu wanakaa sawa. Huku, wakati wa mapumziko, watu wanacheka na mimi nina neno zuri la kuchomeka. Naanza kulipanga kichwani: kitenzi hiki kinakaa mwisho, hili jina linatanguliwa na der au das... nikiinua uso, wameshahamia habari nyingine. Utani naumeza na chai. Siku moja nikamsikia mwenzangu akimwambia mfanyakazi mgeni kwamba mimi ni mtu mkimya, mpole sana. Mimi! Nilicheka njia nzima nikirudi, nilipofunga mlango nikalia.

Huo ni msiba ambao hakuna anayekuja kukupa pole. Akili ni ile ile, ila wanaokusikiliza wanasikia mtoto wa miaka minne. Na wale wema wanaokuhamishia Kiingereza ukikwama kidogo tu, wanasaidia kweli, lakini inaingia kama kofi.

Halafu aibu zenyewe. Nilisema "ich bin heiß" mbele ya bosi, nikidhani nimesema nasikia joto. Kumbe ilitakiwa "mir ist heiß". Nilichosema mimi ni kwamba nina ashki. Bosi alikohoa, mmoja akatoka nje kwenda kucheka. Baada ya hapo wiki mbili nzima nilijibu ja na nein (ndiyo na hapana) tu, na hapo ndipo nilipoharibu hasa. Stephen Krashen, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu namna watu wanavyojifunza lugha, aliifananisha hali hii na chujio: hofu ikijaa, lugha unaisikia lakini haipenyi. Wapo wataalamu wanaompinga. Mimi nilisikia Kijerumani saa nane kwa siku wiki zile mbili na sikubakiwa na neno.

Kilichonitoa ni mzee mmoja wa stoo aliyekuwa anakaribia kustaafu, hana haraka na mtu. Nilimwomba anirekebishe nikikosea, ila asinihamishie Kiingereza. Robo saa kila siku, mimi na yeye. Kundi nililiacha kwanza, na nakushauri uliache pia kwa sasa.

Na usijinyime Kiswahili. Kuna mtu mtandaoni alinishauri nikate simu za nyumbani mwezi mzima ili "nizame" kwenye lugha. Ushauri wa hovyo. Nilizama kweli, ila kwenye upweke. Simu ya dada yangu kila Jumapili ndiyo ilinikumbusha kwamba bado nachekesha.

Utani wangu wa kwanza uliofika salama ulikuwa mwaka wa tatu. Wajerumani wana kitenzi umfahren: ukikaza sauti mwanzoni ni kumgonga mtu na gari, ukikaza katikati ni kumzunguka. Tulikuwa stoo, mzee anataka nipande naye kile kigari cha kunyanyulia mizigo. Nikamwambia sipandi mpaka aniambie leo anakaza wapi. Alicheka hadi akavua miwani kuifuta, akaenda kuwasimulia wenzake mbele yangu. Utani wenyewe hata haukuwa mkali kihivyo.