Mumeo ndiye anayengoja

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, naishi Kimara, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa saba tangu tufunge ndoa na sijajaliwa mtoto. Namngoja Bwana kwa moyo wangu wote. Kila Jumatano na Ijumaa nipo mkeshani. Mwaka huu nimefunga siku 21 mara tatu, na siku hizo nalala chumba cha wageni ili nisivunje nadhiri. Nimetoa na sadaka ya kujimaliza, milioni 1 na laki 2. Tatizo ni mume wangu, hana imani. Anasali sala fupi tu kabla ya kulala, ndivyo alivyo tangu tuoane, mkeshani hataki. Anang'ang'ania twende hospitali, anasema hata yeye aanze kupimwa. Mtumishi ameniambia nikipimwa nimeonyesha mashaka na mlango utafungwa. Mama mkwe naye ananinyanyasa, kila Jumapili anapiga simu kutoka Mbinga kuuliza tumefikia wapi. Sasa mume amenuna wiki ya tatu, tangu ajue habari ya hela ya kiwanja. Nifanyeje ili Mungu amguse abadilike? Ninayengoja, Kimara."

Marahaba mwanangu. Pole. Miaka saba ya kuhesabu tarehe, na kila hedhi ikija unajifungia chooni kulia, si jambo la kuchukulia kirahisi. Pole nimeshakupa. Sasa tusemezane.

Barua yako nimeirudia mara mbili nikimtafuta huyo mtu asiye na imani, sijamwona. Nilichokiona ni mwanamume anayesali kila usiku kwa miaka saba bila kuacha. Nyumba ndogo hana, maana angekuwa nayo ungeiandika kwanza kabla ya salamu. Hajakurudisha kwenu. Na anasema apimwe yeye kwanza! Unajua ni wanaume wangapi wa mji huu wanaokubali neno hilo? Wengi humsukumia mke peke yake, na wakiambiwa wao wapime wanaona wamevuliwa suruali barabarani. Isaka alioa akiwa na miaka 40, wale mapacha wakazaliwa akiwa na miaka 60. Katikati ya miaka hiyo 20 Mwanzo 25 inatuambia alimwombea mkewe. Urefu wa sala haukuandikwa.

Hela ya kiwanja umeitaja mwishoni kabisa, kwa maneno machache, kama mtu anayepita mbio mbele ya duka analodaiwa. Ndiyo ile milioni 1 na laki 2, au sivyo? Basi usiniulize kwa nini amenuna. Amechukuliwa jasho lake na mtu anayelala naye, kisha akaambiwa hana imani. Katika hili nipo upande wake wote.

Mnapenda sana kumtaja Hana, yule mke wa Elkana aliyekosa mtoto, basi someni sura ya kwanza ya Samweli mpaka mwisho wake. Hana alikwenda hekaluni Shilo, akamimina moyo, kuhani Eli akadhani amelewa, kisha akambariki. Eli hakumdai hata shekeli. Hana akaondoka, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena, ilhali mimba ilikuwa bado. Huko ndiko kungoja. Asubuhi wakaabudu, wakarudi nyumbani Rama, na Biblia inasema wazi kwamba Elkana akamjua mkewe. Ng'ombe na unga na divai vilikuja baadaye, mtoto alipokwisha kuachishwa ziwa. Wewe umelipa kabla, umelia baada, na kitanda umekihama.

Hicho kitanda tukihesabu. Yai la mwanamke likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu ya mwanamume huweza kuishi tumboni mwa mke mpaka siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6 kwa mwezi, ya mwisho ikiwa ile yai linapotoka, na kwa kawaida yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mfungo wako wa siku 21 unafunika robo tatu ya mzunguko wa siku 28. Mara tatu, hizo ni siku 63. Na miezi usiyofunga, chagua siku 6 zozote zinazofuatana: Jumatano au Ijumaa lazima imo, mara nyingi zote mbili. Isitoshe, mwili unaonyimwa chakula na kupungua sana hupunguza homoni zinazopevusha yai, mwezi unaweza kupita pasipo yai kabisa. Unamwomba Mungu mvua huku umefunika shamba kwa turubai.

Hili halihitaji hata daktari, Paulo alishaliandika katika 1 Wakorintho 7:5. Mke na mume wasinyimane, isipokuwa wamepatana, tena kwa muda, ili wasali, kisha warudiane. Wamepatana! Mfungo ambao mwenzako hakuukubali, ukamwachia kitanda wiki tatu, umeuvunja mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Kuhusu huyo mtumishi nitasema bila kuzunguka. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu kuponywa na kuongezewa miaka 15, na nabii Isaya yuleyule aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Isaya hakusema dawa ni mashaka. Luka aliyesafiri na Paulo anaitwa tabibu katika Wakolosai. Anayekukataza kupima anakukataza kwa faida ya nani? Jibu likijulikana hospitalini, sadaka ya kujimaliza inakwisha.

Na hapa si wewe tu, mwanangu. Kimara mpaka Mbagala, Tegeta mpaka Gongo la Mboto, wake wanajua ratiba ya mkesha kuliko wanavyojua mume amekula nini. Siri ya chumba, ambayo zamani hata somo wa unyago aliisikia kwa kunong'onezwa, sasa inaombewa kwa kipaza sauti. Mtu anataka ahadi yenye tarehe: miezi tisa, kabla ya mwaka mpya, kabla ya Pasaka. Tarehe ikipita anahamia madhabahu nyingine kutafuta tarehe nyingine. Halafu anajiita mngojaji. Sarai alikaa Kanaani miaka 10, akachoka, akatafuta njia ya mkato kwa Hajiri. Abrahamu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na miaka 100 alipozaliwa Isaka. Ule mkato haukufupisha ngoja hata kwa siku moja, ulichozaa ni ugomvi ndani ya hema. Wewe Hajiri wako ni hizi mbio zako.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Basi nendeni wote wawili, siku moja. Daktari huanza kutafuta sababu baada ya mwaka mmoja bila mimba, na kwa mwanamke aliyefika 35 baada ya miezi 6, kwa kuwa mayai hupungua kwa kasi zaidi umri huo ukipita. Wewe una 34 na miaka saba nyuma yako. Anzieni kliniki ya magonjwa ya wanawake ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Mwananyamala, Amana au Temeke, na muulize bei ya kila kipimo kabla ya kukifanya.

Mumeo aanze, kama alivyosema, maana kipimo chake ni chepesi na karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, sababu au sehemu ya sababu iko kwa mume. Akae bila tendo la ndoa siku 2 mpaka 7, si zaidi. Mbegu zinatakiwa zifike maabara ndani ya saa moja, zikiwa na joto la mwili, kwa hiyo asizitoe nyumbani akapanda nazo mwendokasi. Foleni ya Kimara mnaijua. Atolee hukohuko. Majibu yakiwa mabaya mara ya kwanza msilie, mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, hivyo hurudiwa baada ya muda huo.

Wewe andika tarehe ya kwanza ya hedhi kwa miezi mitatu uende nazo. Homoni za kupevusha yai hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Ile inayoonyesha kama yai limetoka hupimwa kama siku 7 kabla ya hedhi ijayo. Akina mama wengi hupima siku ya 21 kwa kukariri, hata wenye mzunguko wa siku 35, na majibu yanawapotosha. Altrasaundi huonyesha uvimbe. Mirija ya uzazi huangaliwa kwa eksirei, dawa ikipitishwa kwenye shingo ya kizazi, baada ya hedhi kukauka na kabla yai halijatoka. Huuma kidogo, ulizia dawa ya maumivu mapema. Na kama uliwahi kupata maambukizi ukaona aibu kuyatibu, mwambie daktari, kwa sababu hayo ndiyo huziba mirija mara nyingi.

Lakini usiende hospitali kabla hujarudi chumbani kwako. Mkalishe mumeo, umwambie kiasi chote kilichotoka, siyo kile alichokigundua tu. Usianze na "Roho aliniongoza". Anza na "nimekukosea". Kisha mpange mtakavyorudisha hela ya kiwanja, hata elfu 50 kwa mwezi, na elfu 50 kwa mwezi ni miezi 24, basi ujue mapema. Mkesha, yeye akikubali, mmoja kwa mwezi unatosha. Usiku sali naye hiyo sala fupi.

Nikikuahidi mtoto nitakuwa kama yule mtumishi. Wapo waliongoja kwa imani safi na hawakuzaa, na Mungu hakuwaacha. Mkifika huko, kuna kuasili mtoto kwa kupitia Ustawi wa Jamii na mahakama, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ila hayo si ya leo, hamjapima hata kimoja.

Mama mkwe umesema anakunyanyasa, halafu neno lake ulilonukuu ni "mmefikia wapi". Mwanamke mzima yuko Mbinga, anatoa vocha yake kila Jumapili kukuulizia, na hajamwambia mwanawe aoe mwingine. Jumapili hii simu ikilia usimpe mumeo. Pokea mwenyewe, umwamkie, umtajie tarehe ya kliniki, umwombe naye afunge siku hiyo.