Dramu nimechonga mara mbili na breki bado inadunda

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina Landrover 109 Series III ya mwaka 1978, ilikuwa ya marehemu mzee, ikakaa bandani miaka kama sita haijawashwa, sasa baada ya kuona Landrover zilivyojaa Arusha kwenye lile tamasha la 2024 roho ikaniuma nikaamua kuifufua. Injini iko fresh, rangi nimepiga upya, tatizo ni breki. Nikiwa kwenye 50 au 60 nikikanyaga, pedeli inanirudishia mguu, du-du-du-du, na mwendo ukipungua na yenyewe inapunguza kasi mpaka gari inasimama. Alafu mbele kulia kunalia kama mbuzi anavutwa kwenda kuchinjwa, hasa nikiteremka kutoka Soni kwenda Mombo. Nimechonga dramu zote nne haikusaidia, nikazichonga tena za mbele, nikapiga laining mpya za ripiti, nikabadilisha na masta silinda. Sasa fundi wangu anasema ninunue dramu mpya za mbele. Ninunue? — Msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Usinunue kwanza. Shika hela yako mfukoni tuongee.

Umeniletea kesi mbili kwenye barua moja na fundi wako anazihukumu pamoja, ndio maana hampati mshindi. Kudunda ni kesi moja, kulia ni nyingine. Kitu kinachodunda kwa kufuata mwendo wa tairi lazima kiwe kitu kinachozunguka: dramu, habu (kitovu kinachobeba dramu na tairi), beringi, au jinsi rimu ilivyokaa. Shuu, zile pande mbili zenye laining zinazobana dramu kwa ndani, hazizunguki, springi hazizunguki, na masta silinda ndio kabisa imekaa zake huko mbele ya pedeli haijui hata tairi ina nati ngapi, kwa hiyo hiyo uliyonunua hesabu kama sadaka. Kinachotokea ni kwamba dramu inazunguka upogo, ule upande uliosogea ndani ukifika kwenye shuu unaisukuma irudi, shuu inasukuma pistoni ya wili silinda (ile silinda ndogo ya mafuta iliyo kwenye kila tairi), mafuta yanarudi kwenye paipu mpaka kwenye mguu wako. Mara moja kila tairi likimaliza mzunguko. Hiyo ndiyo du-du-du yako.

Swali sasa ni dramu yenyewe ndo mbovu au kuna kitu kinaikalisha vibaya? Mimi nikisoma barua yako naona maneno mawili yananiita, "miaka sita bandani" na "rangi nimepiga upya". Gari ikikaa hivyo kutu inaota kati ya uso wa habu na mgongo wa dramu, alafu anakuja fundi rangi na moyo mweupe kabisa anapulizia chesi, ekseli, habu, kila kitu kinapendeza. Ule unene wa rangi na kutu ukiwa upande mmoja tu unatosha kuilaza dramu, na ukiangalia kwa macho hutaona kitu. Sasa unaipeleka kwa tona, yule fundi wa kuchonga chuma, kwenye mashine yake inazunguka safi, anaichonga mviringo mzuri, unairudisha juu ya kutu ileile, inadunda vilevile. Unaweza kuchonga mpaka dramu iishe kama sabuni.

Kipimo chake hiki hapa na hakina gharama zaidi ya chaki. Anza na mbele kulia. Ila kabla ya jeki weka mawe au magogo kwenye matairi mengine, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu breki ya mkono ya Series haishiki matairi, inashika propela (ile shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma) nyuma ya gia boksi, kwa hiyo ukinyanyua tairi moja la nyuma difu inaliachia lile la hewani lizunguke na gari inaondoka na breki ya mkono umevuta. Mimi iliwahi kuniondokea ikaenda kuegemea mwembe wa jirani, mwembe haukudhurika, mlango wangu ndio ulinywea. Kwa mbele hatari ni ndogo lakini weka mawe tu. Na usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, tafuta stendi.

Haya, vua tairi, toa zile skurubu tatu bapa zinazoshika dramu, alafu ibane dramu kwa nati za tairi ukiwa umeweka washa nene chini ya kila nati. Nyuma ya sahani ya breki utakuta ajasta mbili, zile za kusogeza shuu karibu na dramu, kila shuu na ya kwake (mbele kwenye 109 kila shuu ina wili silinda yake pia). Kaza moja polepole huku unazungusha dramu kwa mkono mpaka usikie shhh… kimya… shhh… kimya. Pale inapogusa piga mstari wa chaki kwenye dramu, na mwingine kwenye stadi (bolti ya habu inayofungwa nati ya tairi) iliyo karibu na hapo. Legeza ajasta, vua dramu, izungushe uirudishe imeruka stadi mbili, kaza tena usikilize. Kama "shhh" imehama na mstari wa dramu, basi dramu ndo ina kosa. Kama imebaki palepale kwenye stadi yako yenye chaki, dramu haina hatia, mshitaki habu au beringi. Beringi utaijua haraka, shika dramu juu na chini uitikise, ikicheza kacha kacha na sio kidogo tu, irekebishe hiyo kwanza maana beringi iliyolegea inaharibu kila kipimo.

Mimi nabashiri itabaki kwenye stadi. Ikiwa hivyo chukua brashi ya waya na skrepa, uso wa habu usafishe mpaka uone chuma kinang'aa pande zote, mgongo wa dramu hivyohivyo, na shingo ya habu pale tundu la katikati la dramu linapoingia. Usipige rangi tena hapo! Wakati wa kurudisha hakikisha zile skurubu tatu zimezama kabisa, kichwa kimoja kikichomoza rimu haikai bapa na unarudi mwanzo. Nati za tairi ni tano, zifunge kwa kuruka, moja huku moja kule, kwa awamu mbili tatu, sio ile ya kijana wa pancha anakaza moja mpaka mwisho akiwa ameisimamia ndo anaenda ya pili.

Kama chaki imesema dramu, bado usikimbilie dukani. Ipime kwanza kipenyo cha ndani. Ya 109 ni inchi 11, yaani milimita 279.4, na kikomo cha kuchonga ni sehemu 30 kati ya elfu moja za inchi, kwa hiyo ikifika 280.2 hivi imeshamaliza maisha. Zako zimechongwa mara mbili, naogopa. Pima sehemu tatu nne tofauti, tofauti ya namba kubwa na ndogo ndio uyai wake, yaani ilivyoacha kuwa duara. Ikiwa bado ina nyama, usiipeleke dramu peke yake, fungua na habu uende navyo vyote viwili, habu iliyosafishwa na dramu imefungwa juu yake, umwambie tona aishike kwa kufuata mahali beringi zinapokaa. Tona wengi wanaishika dramu kwa nje, na nje ya dramu ni chuma cha kuyeyushwa tu hakijawahi kunyooshwa na mtu. Atalalamika kwamba kazi imekuwa ndefu, mwongezee kidogo. Na akikwambia kisu kinaruka kwenye mabaka ya bluu, hayo ni madoa magumu, yanatokana na moto, mara nyingi breki iliyochemka kwenye mteremko alafu ikaingia mtoni. Kisu hakiyatoi vizuri, yanasagwa na jiwe, na yakiwa mengi hapo ndipo nakuruhusu ununue mpya. Dramu mpya inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kabla ya kufunga.

Sasa mbuzi. Kwanza usipulize vumbi la ndani ya dramu kwa kompresa, laining za zamani nyingi zilikuwa na asibesto na lile vumbi likiingia kwenye mapafu halitoki. Loweka na maji ya sabuni, futa na kitambaa, kitambaa tupa. Dramu ikishakauka paka chaki ndani yake, funga, zungusha huku umekaza ajasta kidogo, fungua uangalie laining zimeshika chaki wapi. Zikishika katikati ni sawa, zitajizoesha. Zikishika kwenye ncha tu, huku mwanzo na huku mwisho, katikati peusi, hapo ndo kilio chako kilipo, upinde wa laining ni mpana kuliko dramu, ncha zinang'ang'ania zinatetemeka. Rudi kwa aliyepiga laining azisage zifuate dramu, na ncha za kila laining azikate mshazari kidogo, ni kitu cha dakika tano ambacho wengi wanakiruka. Ukiwa umefungua angalia ripiti hakuna iliyochomoza, angalia wili silinda hazivuji, angalia sili ya habu haitupi oili, laining iliyolowa oili haifai tena hata uichome moto.

Alafu kuna sehemu moja hakuna anayeiangalia. Ile sahani ya nyuma ina vituo vidogo ambapo mbavu za shuu zinateleza zikifunguka. Kwenye gari ya umri huo pale pameshalika mfereji, pitisha kucha yako utausikia. Shuu inaingia kwenye mfereji inakwama, inaruka, inakwama, na hiyo ni kelele tosha. Jaza welding, sawazisha kwa tupa (faili la chuma), paka grisi ya joto kali nyembamba kama unavyopaka blubendi kwenye mkate wa mwisho wa mwezi.

Na pale Soni, teremka na gia. Nakuona kabisa umeweka top na mguu juu ya breki kona hadi kona. Dramu ikipata moto inatanuka inaikimbia shuu, pedeli inashuka, harufu inapanda, na kazi yote hiyo tuliyofanya umeiharibu kabla hujafika Mombo.

SWALI: Fundi habari, mi niko Mombasa, nina Volkswagen Beetle ya 1972. Nyuma kushoto nikishika breki inapiga "tok" moja, nikiondoka tena "tok". Haidundi, ni hiyo tok tu. Fundi wangu anasema ni shuu zinacheza, tumebadilisha springi, bado. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Njema ndugu yangu. Acha kuiendesha mpaka umekagua nati kubwa ya katikati ya dramu, ile ya spana namba 36. Kwenye Beetle dramu ya nyuma ndiyo inayobeba tairi, imekaa kwenye meno ya shafti na hiyo nati ndio inaibana. Ikilegea kidogo meno ya dramu yanapiga kwenye meno ya shafti, tok ukishika, tok ukiondoka. Ukiendelea yanasagika yote, siku moja unaweka gia injini inanguruma gari imesimama.

Toa kotapini, gari ikiwa chini sio kwenye jeki, uone inakazika kiasi gani. Inataka nguvu kubwa, kama Nm 300 hivi, mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba sentimita 45 kutoka katikati ya nati ndo anaifikia. Tundu la kotapini lisipokutana na nati, endelea kukaza mpaka likutane, usirudishe nyuma hata nukta. Kama uliikuta imelegea basi vua dramu kabisa uyatazame meno, yakiwa makali kama ya papa badilisha dramu, na shafti uichunguze. Springi mpya usizitoe, hazina kosa.

SWALI: Breki za pikapu yangu ya zamani zinalia, jamaa kijiweni kaniambia nipake grisi kidogo juu ya laining zitanyamaza. Kweli? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Zitanyamaza kweli, na gari haitasimama. Kama umeshapaka, ivute mpaka gereji, usiiendeshe, na laining ziende jalalani.