Ndege haijasimama, watu wameshasimama: ninavyoliona mimi wa Dodoma–Dar

Mkuu, umeuliza kwa nini abiria wa ndege, matairi yakigusa lami tu, wanainuka na kuanza kuvuta mabegi wakati mlango umefungwa na hakuna pa kwenda. Umeuliza pia kama ni ushamba, na kama kuna kiti kinachomwokoa mtu na hiyo vurugu. Naona wengi waliotangulia wameshahukumu: ushamba. Mimi nakataa. Nakataa kwa sababu kwa miaka kadhaa nilikuwa wa kwanza kusimama, na siku niliyoacha sikuacha kwa ustaarabu, niliacha kwa aibu. Nitafika huko.

Mimi ni mhasibu. Tangu Serikali ianze kuhamia huku 2016 niko Dodoma, lakini makaratasi mengine yalibaki Dar, kwa hiyo hiyo njia naijua kwa basi, kwa ndege na siku hizi kwa treni. Kwa ndege ni kama saa moja hivi angani. Unakunywa juisi, unafungua kakaranga, mara unasikia mnaanza kushuka. Hakuna mtu anayeweza kusema miguu imekufa ganzi kwa safari hiyo. Na bado wanasimama.

Anza na basi, ndiko jibu linakoanzia. Wewe uliyekulia huku unajua basi la Kondoa likifika Msalato watu wako wima. Mji bado uko mbele huko, konda anapiga kelele kaeni chini, hakuna anayemsikia. Kwa nini? Kwa sababu stendi ukichelewa kushuka unakutana na wapiga debe wamejaa mlangoni, mzigo wako kwenye buti unashushwa na mtu usiyemjua, na wanaopanda wanaingia wewe hujatoka. Mtu aliyelelewa na usafiri wa namna hiyo kafundishwa somo moja tu: ukikaa umeachwa, hakuna atakayekupisha. Siku anapopata safari ya kikazi na tiketi ya ndege, anapanda na mwili uleule. Kichwa kinajua hii ni ndege. Miguu haijui.

Treni ni hivyohivyo. SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 nilidhani mambo yatabadilika, maana kila behewa lina milango yake na Dodoma ndiyo mwisho wa safari, treni haiendi popote na wewe. Weee! Tukipita Ihumwa tu korido imejaa masanduku. Watu wanasimama wakitazamana visogo mpaka stesheni.

Ila nisiwasingizie Wagogo na Warangi peke yao. Mwaka 2025 habari zilizagaa kwamba mamlaka ya anga ya Uturuki imeelekeza abiria wanaosimama au kufungua kabati la juu kabla taa ya mkanda haijazimwa waripotiwe na kutozwa faini. Uturuki hakuna basi la Kondoa. Kwa hiyo ipo sababu nyingine inayowakusanya wote, nayo ni kabati lenyewe na ule ujia mwembamba.

Angalia hesabu. Ndege za panga boi tunazopanda huku, Q400, zina viti 76 na ujia mmoja katikati, wawili kushoto, wawili kulia. Airbus A220 zina viti 132, ujia bado ni mmoja. Sasa, ndege yenye viti zaidi ya 44 haiidhinishwi kubeba abiria mpaka mtengenezaji athibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sekunde 90! Sisi pale Dodoma, mchana kweupe, ngazi imeshawekwa, tunachukua dakika kumi na zaidi. Tofauti ni nini? Begi. Kwenye dharura unaacha kila kitu. Siku ya kawaida kila mmoja anasimama kwenye ujia, anainua mikono, anavuta, limekwama, anavuta tena, anageuka kumtafuta mwenzake mwenye koti. Anayeuziba mlango ni huyo mmoja, nyuma yake wamesimama arobaini. Na kila mmoja kati ya hao arobaini anaogopa kwamba begi lake, aliloliweka safu tatu nyuma kwa sababu kabati la juu yake lilijaa, halitafikika tena watu wakishasimama. Huyo wa safu tatu nyuma ndiye atakayeruka mapema kuliko wote. Mtazameni siku nyingine.

Sasa aibu yangu. Ilikuwa msimu wa zabibu, naenda Dar, shemeji yangu ameagiza boksi. Nikaliweka kabatini kwa sababu sikutaka lipakiwe chini na masanduku ya watu likawa juisi. Tumetua Dar, ndege bado inatembea kuelekea maegesho, mimi huyo nimesimama, nimefungua kabati, mkono mmoja kwenye boksi, mwingine unaandika ujumbe "nimefika". Rubani akashika breki. Si breki ya ajabu, ile ya kawaida tu, labda kulikuwa na gari mbele. Boksi likatoka. Likampiga bega mzee mmoja aliyekaa kwa utulivu wake, mkanda kiunoni, likafumuka, na zabibu zikaanza kusafiri. Mkuu, zabibu ni duara. Ndege ikiwa inapinda kona zinakwenda kushoto zote, halafu kulia zote. Mzee alipangusa bega, akaokota moja mapajani, akaniangalia: "Kijana, hizi ni za kuuza au za sadaka?"

Watu walicheka, ila mhudumu hakucheka. Alinikalisha kama mtoto wa chekechea. Mlango ulipofunguliwa abiria wote walinipita wakinyanyua miguu wasikanyage, nami nikabaki wa mwisho nimepiga magoti nyuma ya kiti namba sijui ngapi naokota. Nilimwomba mzee radhi mara tatu. Bahati boksi halikuwa na chuma. Tangu hapo nimekaa mpaka safu ya mbele yangu itoke.

Kukaa kulinipa nafasi ya kutazama kinachofanyika zile dakika tunazoziita za kupotezewa muda. Dodoma, ndege ikishatua na kupunguza mwendo, mara nyingi inageuka palepale kwenye njia ya kurukia na kurudi kuja maegesho. Hiyo kona ndiyo inayowaangusha watu. Ikisimama, panga boi bado zinazunguka, na hakuna mtu mwenye akili atakayemfungulia abiria mlango atembee karibu na kitu hicho. Wafanyakazi wa chini, wa uwanjani, wanaweka vizuizi vya matairi, wanapanga zile koni, ngazi inakuja au mlango wenyewe unashushwa ukawa ngazi. Kwenye Airbus kuna na jambo la milango: ikiwa safarini milango inakuwa imetegwa ili ikifunguliwa tu, mteremko wa dharura ujaze upepo na kuchomoka. Lazima wahudumu waitegue kwanza, na ndiyo maana unasikia lile tangazo fupi la rubani kwa wahudumu. Ukimsukuma dada pale mlangoni unamsumbua kwenye kazi ambayo akiikosea watu wanaweza kuumia.

Na kuna la ATR, panga boi ya aina nyingine, hili huwa linanifurahisha. ATR mlango wa abiria uko nyuma, mizigo iko mbele. Kipindi cha Bunge la Bajeti, Aprili mpaka Juni, ndege zinajaa, na kila mtu mwenye cheo anataka kiti cha mbele. Niliwahi kusafiri na kiongozi mmoja, sitasema wa wapi, alibishana kaunta mpaka akapewa safu ya kwanza. Tumetua, kasimama wa kwanza, suti, mkoba mkononi, uso kautazamisha mbele akisubiri mlango ufunguke. Mbele yake ni ukuta, na nyuma ya ukuta ni masanduku yetu. Alipogeuka alikuta migongo ya ndege nzima. Ndege hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kushuka, utaona wa chini wanasimika chuma chini ya mkia, maana wote wakikusanyika nyuma na mizigo ya mbele imeshatolewa, uzito unahamia mkiani na ndege inaweza kukalia mkia, pua juu.

Mnaosema haraka haraka haina baraka, hiyo methali tumeisikia tangu darasa la pili na bado tunasimama. Haijaponya mtu. Kilichonifanya nielewe ni safari mbili.

Ya kwanza nilikuwa na mama. Alikuwa ametoka kutibiwa goti Dar, nikaona basi litamtesa, nikamkatia ndege. Hakuwahi kupanda. Wenye kiti cha magurudumu kwa kawaida hushuka mwisho, kwa hiyo tukakaa. Mama akatazama watu walivyoinuka akashtuka, akaniuliza kwa sauti kama kuna moto. Nikamwambia hapana mama, wanashuka. "Mlango uko wapi?" Haujafunguliwa. Akanyamaza, akawatazama wamepinda shingo chini ya makabati kama kuku kwenye tenga. Sisi tulipofika ukumbini, tukisukumwa polepole, ndege nzima ilikuwa pale inasubiri masanduku. Mama akawatambua mmojammoja. "Si huyu aliyekukanyaga? Mbona bado yupo?" Akamsalimia kabisa, mbukwa baba, na yule bwana akaitika huku anatazama chini.

Ya pili ndiyo nataka uishike. Tulikuwa tunakuja Dodoma jioni, na ndani kulikuwa na dada amefiwa na baba yake, anaunganisha gari usiku huohuo kwenda Singida, ndugu wanamsubiri nje na injini inawaka. Kumbe alimwambia mhudumu mapema. Kabla ya kutua likatoka tangazo, Kiswahili cha kawaida tu: tuna mwenzetu ana msiba, yuko safu ya 15, tunaomba wote mbaki mmekaa yeye atoke kwanza, kisha tutatoka kuanzia mbele. Mkuu, ndege nzima ilikaa. Nilikuwa nimejiandaa kushuhudia mtu mmoja akivunja, sikumwona. Dada alipita ujia mtupu, watu wanamwambia pole, mmoja akamshushia begi. Alipotoka, safu ya kwanza ikainuka, ya pili ikangoja, ya tatu ikangoja. Sikushika saa, lakini sijawahi kuona tukitoka kwa wepesi ule.

Ni abiria walewale wa Msalato. Haiwezekani ustaarabu uliwaingia hewani, Morogoro wakiwa hawana. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alijua zamu yake ipo na hakuna atakayeiruka. Ndiyo maana neno ushamba halinikai. Mtu hasimami kwa sababu hajui; anasimama kwa sababu anajua vizuri kabisa kwamba akikaa, wa safu ya 20 atampita akiwa safu ya 6, naye atabaki ameinama na mguu mmoja nje akisubiri huruma. Humkalishi kwa kumtukana. Tangazo la safu kwa safu, na mhudumu kulisimamia siku tatu nne, vingefanya kazi kuliko matusi yote ya hapa juu.

Hapo simzungumzii anayesimama ndege ikitembea au anayefungua kabati. Huyo ni mimi wa zabibu, na faini ya Waturuki ingenistahili. Wala simzungumzii anayeshusha begi wakati wa dharura. Januari 2, 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikashika moto. Kwenye ile ndogo watano kati ya sita walifariki. Kwenye ile kubwa wote 379 walitoka, kwa milango mitatu tu kati ya minane, na mabegi yao yaliungua ndani. Pale angekuwepo mmoja wa "ngoja nichukue laptop yangu"...

Kuhusu kiti. Ukiona ATR, omba nyuma. Q400 omba mbele, kushoto. Airbus inategemea: wakiweka ngazi mbili, nyuma kuna nafuu kuliko katikati. Ukiwa na sanduku kubwa umelipakia chini, kaa popote, mtakutana wote ukumbini. Na kama una haraka ya kweli, mwambie mhudumu mkiwa bado angani, usingoje matairi yaguse.

Zabibu weka chini ya kiti.