Wanangu, taarifa ya gazeti si uamuzi

Nimechoka kidogo na bado nawapenda, kwa hivyo leo naandika. Kila wakiingia vijana wapya wa atachi, wanafunzi wa mafunzo ya kazi, hapa ofisini kwetu Malindi lazima mmoja ataona kichwa cha habari "muungano waidhinishwa kwa masharti", yaani kampuni mbili zimeruhusiwa kuungana, au moja kuinunua nyingine, mradi zitimize mambo fulani, apige skrinshoti, atume kwa grupu, na chini aandike ati "sasa hawa wamebanwa." Wamebanwa na nani? Ukimuuliza sharti lenyewe linasemaje anakwambia liko kwa gazeti. Wiki hii tena! Basi haya hapa, yasomeni mkiwa mumekaa, si kwa tuktuk.

1. Jua faili iko wapi. Muungano wa hapa nyumbani ni kazi ya Mamlaka ya Ushindani, Nairobi, ndio wanaoupima na kuuidhinisha, lakini kampuni zikiwa na biashara nchi kadhaa za COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, huenda faili imepelekwa kwa tume ya ushindani ya COMESA, na hiyo iko Lilongwe, Malawi. Kuna kijana wetu alingojea jibu mpaka atachi ikaisha, kumbe barua aliipeleka kwa mlango usio wake. Ni mtoto mzuri, sasa ni wakili Mombasa, simtaji.

2. Sheria ina meno, msianze kusema ati Kenya hakuna serikali. Sheria ya Ushindani ya 2010 inasema wakiungana bila idhini muungano wenyewe hauna nguvu, na faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo yao ya mwaka uliotangulia humu nchini. Kifungu cha 47 kinaruhusu hata idhini yenyewe ifutwe, kama walidanganya au wamevunja sharti la maana. Sasa nyinyi mukishasoma hapo mnafunga kitabu, mnadhani meno yatauma yenyewe. Mamlaka haina mtu amekaa hapa mtaani Barani anahesabu nani kaachishwa kazi na nani halipwi, inategemea ripoti ya kampuni yenyewe na malalamiko ya watu, na hao watu ndio sisi.

Na hata wakishikwa, angalieni wanashikwa wapi. Facebook walipoinunua WhatsApp 2014, bei iliyotangazwa dola bilioni 19, waliiambia Tume ya Ulaya kwamba hawana njia ya kuaminika ya kulinganisha akaunti za Facebook na za WhatsApp. Miaka miwili baadaye ikaonekana inafanyika, na tume ikasema wafanyikazi wao walilijua hilo tangu 2014. Faini, 2017: yuro milioni 110. Muungano? Upo, na mimi na wewe tunautumia kupanga mkutano wa Jumatatu.

3. Soma sharti neno kwa neno, kama unayesoma hati ya shamba hapa Malindi. Hili nitalisema kwa urefu kwa sababu lilinipata mimi.

Kampuni mbili kubwa ziliungana, moja ilikuwa na tawi hapa mjini, siitaji. Magazeti yakaandika hakuna mtu kufutwa kazi. Mimi nina digrii mpya na mdomo mkubwa, wafanyikazi wakaja, tukakaa chini ya mwembe kule Muyeye, nikasimama mbele ya watu wazima, wengine rika la baba yangu, nikawaambia tulieni, msitie saini chochote, hawa serikali imewafunga mikono. Kuna mama mmoja alikuwa ashapata kazi nyingine hoteli ya Watamu, akaniuliza mbele ya watu, mwanangu, niende au nibaki? Nikamwambia abaki. Sikusema "ngoja niangalie", nilimwambia abaki, tena kwa sauti.

Sharti lenyewe nilikuja kulisoma maji yashamwagika. Lilikuwa la miezi 12 tu, na lilitaja wafanyikazi wa kampuni zinazoungana. Sasa wale wangu wa chini ya mwembe wengi mshahara wao ulikuwa unatoka kwa kampuni ya wakala, pale tawini walikuwa wameazimwa tu, ijapokuwa wengine walikuwa hapo tangu tawi linafunguliwa. Kwa karatasi hawakuwa wa kampuni. Kilichofanyika ni kwamba mkataba wa wakala ulifika mwisho na haukurefushwa, basi. Hakuna aliyefutwa, hakuna sharti lililovunjwa, na watu wako nje ya geti na mifuko yao.

Nikaandika malalamiko marefu, kila mstari "dhuluma", kila ukurasa "unyanyasaji". Afisa akanipigia, mtu wa adabu kabisa, akaniuliza mambo matatu: sharti gani, tarehe gani, karatasi gani? Sikuwa na hata moja, hata peslipu sikuwa nimewaambia watu waweke. Akanyamaza kidogo kisha akaniambia, ndugu yangu, hii habari ya watu wa wakala ungetuletea wakati tunaupima muungano, pengine sharti lingeandikwa vingine. Nilikata ile simu nikaenda kukaa chooni mpaka karani akabisha. Yule mama, ile nafasi ya Watamu ilikuwa ishapata mtu. Siku hizi anauza viazi vya karai, ananiita wakili nami si wakili, na bei hanipunguzii, na mimi siombi.

4. Kwa hivyo kelele ni za kabla. Mamlaka ina siku 60 za kuamua baada ya kupewa maombi, ingawa inaweza kujiongezea, na ndani ya siku hizo ndio mnapeleka ya watu wenu, wa wakala, wasapulaya wanaoziuzia kampuni mali, kila mtu. Muangalie Afrika Kusini, Walmart, wenye maduka wa Marekani, walipokuja kuinunua Massmart, kampuni ya maduka ya kule, 2011: vyama vya wafanyikazi viliingia kwenye kesi, mawaziri watatu wakaenda kortini kuipinga idhini ya muungano wenyewe, na 2012 korti ya rufaa ikaamuru wafanyikazi 503 waliokuwa wamepunguzwa kabla ya muungano warudishwe kazini. Kabla ya muungano, jamani! Mimi wangu waliondoka baadaye na sikuweza kitu. Muungano ulipita, ndio, lakini kuna watu walirudi kazini kwa sababu kuna watu hawakungoja kusoma gazeti.

5. Mukiambiwa "watauza baadhi ya matawi ili ushindani ubaki", msipige makofi mpaka mumjue anayenunua. Marekani 2015 Albertsons na Safeway, wenye masupamaketi, waliruhusiwa kuungana kwa sharti la kuuza maduka, na 146 yakaenda kwa Haggen, kampuni ndogo iliyokuwa na 18. Septemba ya mwaka huo huo Haggen ikaomba ulinzi wa kufilisika, na Albertsons wakayanunua baadhi ya maduka yale yale waliyoyauza. Kila fomu ilijazwa vizuri tu.

6. Haya madogo madogo sitaki kuyarudia. Sharti linahesabiwa tangu siku ya idhini au siku muungano ulipokamilika? Uliza. Uamuzi wa Mamlaka unakatiwa rufaa kwa Tribuno, baraza la kesi za ushindani, ndani ya siku 30. LPO (karatasi za kuagiza mali) na delivari (karatasi za kupokelewa mali) za kabla ya muungano na za baada zikae faili mbili, hapo ndipo inaonekana kama malipo yameanza kuchelewa au bei imeanza kubanwa. Na si lazima kuwe na muungano, kutumia vibaya nguvu za mnunuzi, yaani mnunuzi mkubwa kumbana anayemuuzia, ni kosa peke yake: Desemba 2023 wenye Carrefour hapa Kenya walipigwa faini ya kama shilingi bilioni 1.1 juu ya wasapulaya wawili, mmoja Pwani Oil, wa huku huku kwetu. Neno "dhuluma" mara moja kwa barua linatosha.

Wale wasapulaya wa maembe wa Ganda wameweka delivari zao kwa gunia, wallahi gunia, na panya washaanza kuonja. Kesho saa mbili wawili wenu waende wakazipange kwa tarehe. Nauli ya boda iko kwa karani, risiti mrudishe, mara ya mwisho hazikurudi.